Siku Alipokwenda Uwanja wa Kati

Neno la kwanza aliloniita yule mama lilikuwa "ayah". Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake, katika mtaa mmoja wa Sparkbrook unaotokea Ladypool Road, nimevaa sare ya kazi na koti lililolowa. Kabla sijajitambulisha aligeuza uso upande, kama mtu anayetega sikio, akaniuliza kwa Kiingereza nimetoka wapi. Nikamwambia Kenya. Uso wote ukamchangamka.

"Kenya! Basi ingia, ayah. Funga mlango, baridi naingia."

Mama yangu mzazi alikuwa ayah. Alilea watoto wa familia moja ya Kihindi mjini Nakuru mpaka wakakua wakaacha kumsalimia. Mimi nilikuja Uingereza kufanya kazi ya kea, yaani kuwahudumia wazee majumbani mwao, na nilikuwa nimeshazoea mengi. Neno hilo tu sikutarajia kukutana nalo Birmingham. Nikatundika koti, nikajizuia, nikasema taratibu, "Mama, mimi si ayah. Mimi ndiye nitakayekuwa nikija kukusaidia."

Aligeuza uso upande tena. Kisha akasema, "Pole. Kiswahili yangu ni ya jikoni. Hakuna mtu alifundisha mimi ingine."

Alikuwa mjane, Mgujarati aliyezaliwa Kisumu. Mumewe alikuwa na duka la vitambaa Stratford Road, na tangu afariki hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Mwanawe wa pekee alizaliwa hapa hapa Birmingham, anaishi Solihull, na hakijui. Kiswahili cha yule mama kilikuwa cha kuamrisha: lete, ondoa, fagia, chemsha. Hakuwa na neno la kubembeleza wala la kushukuru. Lakini alikuwa na kiu nacho kama mtu aliyetoka safari ndefu, na nilipomjibu kwa Kiswahili alikuwa akirudia maneno yangu polepole, akiyaonja.

Ilikuwa Januari, na televisheni yake ilikuwa inaonyesha tenisi kutoka Melbourne. Nje ya dirisha vioo vya magari vilikuwa vimeganda barafu, na ndani ya kile chombo watu walikuwa wamekaa usiku wa joto na mikono wazi, wakijipepea, wamezunguka uwanja wa bluu mithili ya bwawa la kuogelea. Sikuwa najua lolote kuhusu tenisi. Kule Nakuru tenisi niliijua kama kitu cha nyuma ya ua: tulipopita tukitoka shule tulisikia mipira ikigongwa upande wa pili, hatukuiona.

Nilikuwa napika uji wake aliponiita.

"Binti. Mpira naanguka wapi?"

Nikachungulia. "Wapi, Mama? Si huo unauona?"

"Mimi naona uwanja. Naona watu. Mpira hapana."

Ndipo akanieleza habari ya macho yake. Kulikuwa na ugonjwa uliokuwa unayala macho kuanzia katikati. Alichokitazama moja kwa moja kilipotea ndani ya ukungu. Kilichokuwa pembeni alikiona. Ndiyo maana aligeuza uso kila alipozungumza na mtu: alikuwa anatafuta kukuona kwa ukingo wa jicho. Daktari alijua, na mwanawe aliambiwa, lakini mama mwenyewe alikuwa akimwambia kijana wake kwamba anaona vya kutosha. Na kwa kweli alitembea ndani ya nyumba bila kugusa kitu, akamimina chai bila kuimwaga. Mtu aliyekuja Jumapili, akala, akaondoka, asingetambua.

Basi nikaanza kumwambia mpira unaangukia wapi. Mwanzoni nilikuwa nasema "kushoto" na "kulia", naye ananiuliza kushoto kwa nani. Tukakubaliana namna yetu. Upande wa kulia wa televisheni kulikuwa na mlango wa kwenda jikoni, na upande wa kushoto dirisha. Kwa hiyo tukawa na kona ya jikoni na kona ya dirishani, mbali na karibu. "Ameupiga, kona ya jikoni, mbali kabisa. Mwenzake ameufikia, kaurudisha dirishani. Wavu! Umeingia wavuni." Alikuwa anakaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini, na kila pigo vidole vyake vilishtuka.

Sikuwa nalipwa kwa ajili ya hayo. Muda wangu pale ulikuwa mfupi, wa kumwosha, kumlisha na kumpa dawa. Lakini mzee wangu aliyefuata alikuwa mtaa huo huo, na mapumziko yangu niliyahamishia kwa yule mama. Badala ya kula mkate wangu kwenye kituo cha basi nilikula sebuleni kwa mama, nikitangaza na mkate mdomoni.

Hivyo ndivyo nilivyovijua viwanja vikubwa vya dunia, nikiwa nimeketi juu ya zulia Sparkbrook. Nilikuja kuujua uwanja wa Paris wenye udongo mwekundu, ambako mpira unaacha alama na mwamuzi anashuka kutoka kiti chake kirefu kwenda kuinamia ile alama kama fundi anayechunguza ufa. Mama aliupenda kuliko vyote kwa sababu ulimkumbusha Kisumu. Niliujua wa New York, mkubwa kupita yote, watu wanaingia na kutoka wakila, kelele kama za soko, na juu kabisa watu wadogo kama mbegu. Huo hakuupenda. Alisema pale hata mpira hausikiki, na kwake yeye kusikia ndiko kuona. Aliweza kuutambua uwanja kwa sauti peke yake. Udongo, alisema, unameza mpira. Nyasi zinauacha uteleze. Na paa la Uwanja wa Kati kule Wimbledon likifungwa kwa ajili ya mvua, kila pigo linasikika kama mtu anagonga mlango wa sanduku kubwa.

Habari za Kisumu alinipa vipande vipande, kila nilipokuwa namsuka nywele au kumpaka mafuta miguuni. Katika klabu ya jamii yao kulikuwa na uwanja mmoja wa murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, mistari imechorwa kwa chokaa, na kila jioni ilibidi umwagiwe maji vumbi litulie. Alicheza na sketi inayofika vifundoni. Aliwashinda wasichana wote, kisha akawashinda na wavulana, mpaka wavulana wakaacha kucheza naye. Ikaja barua ya kumwalika kucheza Nairobi. Baba yake akasema binti yake hatalala mji asio na ndugu. Mwaka uliofuata aliolewa, raketi akapewa mdogo wake.

"Ulilia, Mama?" nilimuuliza.

"Hapana. Ile wakati msichana nalia kwa kifo tu."

Walipohamia Birmingham, mumewe alimwahidi kitu kimoja: angempeleka Wimbledon, akakae Uwanja wa Kati, aone kwa macho yake. Si mbali, ni safari ya gari ya asubuhi moja. Lakini majira hayo ndiyo ya harusi, na harusi ndizo zilizouza vitambaa. Kila Juni ilipofika alimwambia, "Mwakani." Hakuwa mtu mbaya, alinisisitizia hivyo. Alikuwa mtu wa duka. Siku moja alianguka nyuma ya kaunta, na mwakani haikuja.

Nadhani ndipo wazo lilipoingia kichwani mwangu. Nilisikia kanisani kwetu, kutoka kwa muuguzi mmoja, kwamba tiketi za kule hupatikana kwa bahati nasibu: unajiandikisha, ukichaguliwa unanunua, na unaruhusiwa mtu mmoja wa kufuatana naye. Nilipokwenda Sparkbrook nikamwambia mama. Alicheka, akasema ni upuuzi, kisha akanitajia herufi za jina lake moja moja nizibonyeze kwenye simu yangu. Anwani ya barua pepe tuliyotumia ilikuwa ile aliyofunguliwa na mwanawe.

"Wakichagua mimi," alisema, "wewe nakaa na mimi. Nasema yote. Jikoni, dirishani."

"Kule hakuna jikoni, Mama."

"Basi tafanya jikoni."

Miezi mingi ilipita na mimi nikasahau. Siku moja nilipofika kumpa chakula cha mchana nilimkuta mwanawe sebuleni, siku ya kazi, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Alikuwa mhasibu, mtu mpole mwenye haraka, simu mkononi wakati wote. Alikuwa anatabasamu kama mtoto. Barua pepe ilikuja, na yeye ndiye aliyekuwa anazisoma barua za mama yake. Mama alikuwa amechaguliwa. Uwanja wa Kati, watu wawili.

"Sikujua kama bado anaipenda hivi," aliniambia kwa Kiingereza. "Baba alikuwa akimwahidi kila mwaka. Nimeshaomba likizo. Nitampeleka mwenyewe."

Nilisema ni vizuri sana. Ningesema nini? Yeye ni mwana, mimi ni mtu niliyepangiwa na ofisi. Nikaingia jikoni nikawasha maji nisiyoyahitaji.

Alipoondoka, mama alinishika mkono. Hakuwa na kawaida ya kunishika.

"Binti, huyu kijana hajaomba likizo kwa sababu yangu, maisha yake yote. Mimi nasema hapana namna gani?"

"Usiseme hapana, Mama. Nenda na mwanao."

Nilisema hivyo kwa moyo wangu wote, na hata leo sijui lingine ambalo ningeweza kusema. Lakini siku chache kabla ya safari nilimpigia mwanawe simu. Nilimweleza kwamba mama haoni katikati, kwamba mpira hauoni kabisa, kwamba anahitaji mtu wa kumwambia unaangukia wapi. Nilimweleza hata habari ya jikoni na dirisha. Alinisikiliza, kisha akacheka kwa upole.

"Mama yangu anaijua tenisi kuliko mimi. Yeye ndiye atakayenieleza. Usiwe na wasiwasi, nimempatia miwani mipya."

Nikamwambia tafadhali, ajaribu tu. Akasema atajaribu, na naamini alikusudia.

Siku yenyewe sikuwa kazini. Nilikaa nyumbani kwangu Lozells, nikafunga mlango, nikawasha televisheni mapema. Binti yangu, aliyezaliwa hapa, alinikuta nimepiga magoti karibu na kioo nikichunguza watazamaji.

"Mum, unatafuta nani?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Mama wa Sparkbrook."

"Huwezi kumwona. Wako maelfu."

Ni kweli, sikumwona. Niliona kofia, miwani ya jua, mashabiki waliovaa rangi za nchi zao. Mpira ulianguka kona ya jikoni na kona ya dirishani, nikawa nausema kwa sauti ya chini, kana kwamba utafika. Na kila mchezaji alipojiandaa kuanzisha, uwanja mzima ulinyamaza. Ukimya huo nilikuwa nimeusikia mara nyingi sebuleni kwa mama, lakini siku hiyo ndipo nilipouelewa. Pale hakuna mtu anayezungumza mpira ukiwa unachezwa. Hata mwanawe angetaka, ni lini angesema? Hata mimi ningekuwa pale, ningewezaje? Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Miezi yote nilijiona nimekaa ubavuni mwake nikitangaza kama tulivyozoea, na wazo lenyewe lilikuwa na shimo katikati.

Nilipomwona tena alikuwa amevaa shali mpya yenye rangi za pale uwanjani, zambarau na kijani, aliyonunuliwa na mwanawe. Nilimwosha, nikamkausha, nikasubiri. Alikuja kusema nilipokuwa namfunga vifungo.

"Nilienda."

"Najua, Mama. Ilikuwaje?"

Alifikiri. "Kila mtu nanyamaza. Halafu napiga, tap, tap, tap, halafu watu nasema ooh. Mimi sijui kwa nini ooh. Nauliza kijana yangu, yeye nasema, 'Umeona, Mama! Umeona ile!' Nasema ndiyo, nimeona."

"Hukumwambia?"

"Yeye alikuwa na furaha sana, binti. Tangu mtoto mdogo sijaona furaha ile. Alinunua strawberi. Alifuta mkono yangu na leso."

Mikono yangu ilikuwa bado kwenye kifungo cha juu. Akaendelea, na sauti yake ikawa ya mtu anayetoa ripoti kwa uangalifu.

"Niliona vichwa. Upande huu, upande huu. Wote pamoja, kama majani na upepo. Niliona paa. Niliona kijani, kijani nyingi sana pembeni. Mpira tu." Akapapasa hewani mbele ya uso wake, pale palipokuwa na ukungu. "Mpira tu sikuona."

Nilimwambia mwakani tutakwenda kwenye mashindano ya nyasi ya hapa hapa Edgbaston, sisi wawili. Uwanja mdogo, watu wachache, tutakaa nyuma kabisa ambako hatutamsumbua mtu nikimnong'oneza. Nilimwambia pia nilikuwa nimesikia, kwa kuchelewa, kwamba Wimbledon kuna redio ndogo za kuweka sikioni, mtangazaji anakueleza kila kitu. Hiyo sikupaswa kumwambia. Aliishika ile shali mpya, akasema, "Redio," basi.

Msimu ulipogeuka alianguka bafuni. Hakuvunjika, lakini mwanawe aliogopa, akampeleka kwake Solihull, na ofisi ikanihamishia kwa wazee wa Winson Green. Nilimtembelea mara chache, kwa mabasi mawili. Kule nyumbani kwa mwanawe televisheni ilikuwa kubwa mno na imetundikwa ukutani, chumba chenyewe hakina pande tulizozizoea, na kila mara mke wa mwanawe aliketi nasi kwa heshima, akituletea chai, hivyo tukazungumza Kiingereza. Mama alikuwa ameanza kunisahau kidogo. Siku moja aliniita ayah tena, na sikumsahihisha. Nilichemsha maji, nikamletea.

Alifariki majira ya baridi, usingizini. Mwanawe alinipigia simu mwenyewe.

Nilikwenda Solihull baada ya mazishi. Watu walikuwa wameketi sakafuni na nguo nyeupe za msiba, na mimi sikujua nikae wapi. Mwanawe aliniona akanitoa pembeni, kwenye ujia uliojaa viatu. Alikuwa amekonda. Akaniambia kwamba alitaka kunishukuru, kwa sababu mimi ndiye niliyemwandikisha mama kwenye ile bahati nasibu, na bila hivyo asingejua kamwe kwamba mama bado aliitamani siku ile.

"Nimekuwa nikijilaumu kwa mambo mengi," alisema. "Sikuwa naenda Sparkbrook vya kutosha. Lakini ile siku ninayo. Alikaa kimya muda wote, ametulia, anatazama. Sijawahi kumwona ametulia vile. Nadhani ndiyo siku pekee niliyompa mama kitu alichokitaka."

Kutoka sebuleni watu walikuwa wanaimba taratibu.

"Alikusimulia?" akaniuliza.

"Alinisimulia," nikasema. "Alinisimulia paa. Alinisimulia vichwa vya watu vinavyogeuka pamoja."

"Vichwa?" Akacheka huku machozi yanamtoka. "Mimi sikuona vichwa. Nilikuwa natazama mpira."

"Alisema ulimfuta mkono na leso."

Aliegemea ukuta, akafunika macho. Baada ya muda akauliza, kama mtu anayeomba kuthibitishiwa jambo analolijua, "Alifurahi, sivyo?"

"Alifurahi sana kwenda na wewe."

Lilikuwa ni kweli, kila neno. Nikavaa viatu vyangu, nikaagana naye, na kwenye basi la kurudi mjini nikalia mpaka mwanamke wa kiti cha mbele akanipa karatasi ya kufutia bila kugeuka.

Sijutii kwamba sikumwambia mwanawe yaliyobaki. Najutia kwamba tiketi hazikuwa tatu. Najutia kwamba wakati ule wote tulipokaa juu ya zulia, mimi na mama, sikumwita kijana hata Jumapili moja nikamwambia, kaa hapa, tazama tunavyofanya, sasa jaribu wewe. Angejifunza kwa siku moja. Hakuwa mtu mgumu. Ila nadhani, nikijichunguza, kile kilikuwa chetu, na mtu akiwa na kitu kidogo kilicho chake katika nchi ya watu hafungui mlango haraka.

Kiangazi kilichofuata mwanawe alinitumia ujumbe. Mashindano ya Edgbaston yalikuwa yamefika, alikuwa na nafasi mbili kwenye uwanja wao mkuu, je, ningependa kwenda naye kwa kumbukumbu ya mama? Nilijibu kwamba niko zamu. Nilikuwa zamu kweli, lakini zamu hubadilishwa. Mwenzangu mmoja alikuwa amejitolea kunishikia. Niliogopa kwamba tukikaa bega kwa bega, na mpira ukaanza kwenda huku na huku, ulimi ungenitoka, nikaanza kuusema, na yeye angeelewa hapo hapo mama yake alikosa nini.

Alikwenda peke yake. Jioni aliniandikia kwamba kulikuwa na upepo mwingi, kwamba wachezaji walikuwa wazuri, na kwamba kiti cha pembeni alikiwekea koti lake.